Siku Watu wa Ng'ambo Walipotukubali

Kibandani kwangu hapa Manyatta, ninapouza chai na githeri, kuna televisheni ndogo juu ya rafu ya sukari. Mimi siiangalii sana, ni ya wateja. Juzi asubuhi zikaja habari za nchi fulani ndogo, huko mbali kwenye theluji, ambayo kwa miaka imekuwa ikituma wanajeshi wake kwenye vita vya wakubwa, mara jangwani, mara milimani, popote ilipoambiwa, ili nayo iingizwe kwenye muungano wao wa ulinzi. Walionyesha vijana wakipiga gwaride, na mama mmoja ameshika picha ya mwanawe kifuani. Mtangazaji akamaliza kwa kusema ombi lao bado linajadiliwa.

Mwalimu mmoja anayekunywa chai kwangu kila siku akatikisa kichwa. "Hao wanatumiwa tu."

"Wacha wewe," akabisha fundi wa pikipiki aliyekaa naye. "Wakishakubaliwa watalala usingizi. Nani atawagusa?"

Nikachukua rimoti, nikazima. "Kunyweni chai iishe," nikawaambia. "Hapa ni hoteli, si bunge."

Wakacheka, wamenizoea. Wanasema mama wa hoteli ana mdomo, na ni kweli, ninao. Lakini sikuwa nimewakasirikia wao. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu na redio yake, na mwanamume ambaye angenioa kama kijiji chetu hakingekubaliwa.

Wacha nieleze vizuri, maana nikieleza nusu watu hudhani tulikosana, au alinikimbia. Hakunikimbia hata kidogo.

Sisi tulikaa chini ya Timau, pale mashamba makubwa ya ngano yanapokwisha na ardhi inaanza kuteremka kuelekea kwenye joto. Asubuhi unavaa makoti mawili, mchana unatafuta kivuli. Kijiji chetu kilikuwa cha vibarua. Baba alitoka Gachoka akiwa kijana kuja kuendesha trekta, akabaki. Wengine walitoka Embu, wengine Meru juu kwenye majani chai, mchinjaji wetu alikuwa Mwislamu kutoka Meru mjini, na kulikuwa na familia ambazo hadi leo sijui zilitoka wapi. Kipande cha shamba kilipogawanywa, vibarua wa zamani walipewa ploti huko mwisho, kwenye mawe. Ndani ya nyumba kila mtu aliongea lugha ya kwao, na nje tuliongea Kiswahili, hiki hiki chetu cha kuvunjikavunjika. Hatukuwa ukoo wa mtu yeyote.

Lakini tulikuwa na ng'ombe. Kibarua akipata mahali pake mwenyewe, kitu cha kwanza anachotafuta ni ng'ombe, ndio aamini kwamba ametoka utumwani. Na wezi wa mifugo nao walijua. Walipanda kutoka mabondeni na silaha, wakakusanya walichokuta, wakapotea vichakani. Ukipiga simu polisi, unaambiwa gari liko njiani, na njia yenyewe ilikuwa ndefu.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na vijiji vya wenyeji, Wameru wa hapo tangu mababu. Wale hawakuibiwa ovyo. Kijiji kimoja kikiguswa, vijana wa vijiji vyote walitoka na rungu na mishale, na mbele yao polisi wa akiba na bunduki yake. Kwa hiyo wezi waliwapita kimya kimya wakaja kwetu. Kuishi jirani na watu wenye nguvu, na wewe si mmoja wao, ni kubaya kuliko kuishi peke yako.

Kilichowaunganisha wale kilikuwa gichiaro. Ni udugu wa kiapo. Watu wa pande mbili wanakula kiapo pamoja, na tangu siku hiyo wanahesabiwa wamezaliwa na mama mmoja. Ndugu wa gichiaro humdanganyi. Humwagi damu yake. Akija kukuomba kitu, humnyimi. Hayo tuliyajua, hata sisi wa kuja; ukikaa Meru utayasikia tu. Kulikuwa na sharti jingine ambalo hatukulijua, kwa sababu waliokuwa wakilijua waliona ni jambo lililo wazi mno kusemwa.

Baba ndiye aliyevuka korongo kwenda kuomba tuingizwe. Mzee mkuu wa ng'ambo alimpa kiti, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Nyinyi si ukoo. Tutakula kiapo na nani? Na ploti?"

Baba akarudi amefura. Sasa baba yangu alikuwa na ugonjwa wa habari za dunia. Redio ililia nyumbani kwetu kabla ya kuku, na alijua shida za marais ambao hawakujua kwamba yeye yupo. Jioni hiyo ikasikika habari ya nchi ndogo kama ile ya juzi, labda ni hiyo hiyo, siwezi kuapa. Baba akainuka kwenye kiti.

"Mmesikia? Nchi ndogo, ukiitafuta kwenye ramani unaifunika na kidole. Inatuma vijana wake kupigana vita si vyake. Kwa nini? Ili siku moja wakubwa waseme, hawa ni wenzetu. Ndio sisi hao!"

"Na vijana wakifa?" mama akauliza.

"Hawafi wote."

Mama akaacha kuchambua mboga. "Rudia hayo maneno ukimwangalia mwanao usoni."

Baba hakurudia. Lakini siku chache baadaye vijana wetu walianza kuvuka korongo kwenda kulinda ng'ombe wa watu wengine. Hawakuitwa. Walijipeleka tu, wakasimama pale wenzao walipokuwa wamesimama. Kaka yangu mdogo alikuwa mmoja wao, ametoka shule juzi tu, anajiona jenerali. Mchinjaji alitoa mbuzi wa kuwalisha. Wanawake tulipika. Kijiji chenyewe kilibaki na wazee na kina mama, na mtu akiuliza nani analinda ng'ombe wetu sisi, baba alisema, "Subirini. Tunawekeza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupeleka uji kwenye korongo. Nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la mboga huko Timau, kupanga mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa Ulaya, kwenye paketi, na njia yangu ya alfajiri ilipita pale doria ilipokuwa ikimaliza zamu. Nilibeba uji kwenye mtungi wa plastiki. Kiongozi wa doria alikuwa kijana wa ng'ambo, wa ukoo wa yule mzee mkuu. Siku ya kwanza alikunywa kikombe, akakitazama ndani.

"Huu uji umepikwa na mtu mwenye hasira."

"Kunywa au wacha," nikamwambia.

"Kwani nimesema ni mbaya? Uji wa hasira huwa mzito. Ongeza."

Nikaongeza. Mwenyewe nilijishangaa, maana mimi mtu akinitania asubuhi huwa namrudishia mpaka atafute mlango. Kesho yake akasema uji umepoa kidogo, akauliza ni nani amenifurahisha. Nikamwambia si yeye. Tukaendelea hivyo, mimi na yeye na mtungi wa uji katikati, mpaka kaka yangu akaanza kunikoholea kila nikifika. Wasupavaiza wa shambani nao wakaanza kuniuliza kwa nini siku hizi nachelewa huku nikicheka.

Ilikuwa hivyo msimu baada ya msimu. Akaniambia ngano ikishavunwa atatuma wazee nyumbani kwetu. Nikamwambia wazee wake waje wameshiba, maana mama yangu akiulizwa maswali mengi hapiki. Nilimpenda. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu wakati ule nilizunguka sana na haikunisaidia.

Baba aliposikia alifurahi kupita kiasi. "Mkwe ng'ambo!" akasema, akipiga goti kwa kiganja. "Tutakuwa tumeingia kwa mlango na kwa dirisha!" Kwa hesabu yake, ndoa yangu na jasho la vijana vilikuwa mikono miwili inayosukuma gari moja. Sote tulidhani hivyo. Hatukuwa na mzee wa ukoo wa kutukalisha chini atuambie la, kwa sababu hatukuwa na ukoo.

Kisha kaka yangu akaumia. Wezi walikuja mchana kwenye kijiji kimoja cha ng'ambo, doria ikawakuta mtoni, na mshale ukampata kaka pajani. Walimbeba kwa mlango wa nyumba ya mtu, wameung'oa. Alipona, ila mpaka leo baridi ikija anachechemea. Mzee mkuu alivuka korongo mwenyewe, kwa miguu yake, kuja kumwona. Alikaa kando ya kitanda, kisha akamwambia baba, "Mtu akimwaga damu kwa ajili ya ng'ombe wangu, nitaendeleaje kumwita mgeni? Andaeni watu wenu. Tutakula kiapo."

Jamani, furaha ya siku hiyo! Wanawake walipiga vigelegele kijiji kizima, na mimi nilipiga kuliko wote, mpaka sauti ikakauka. Mchinjaji alimkumbatia mchungaji wa kanisa letu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Baba alicheza, na baba yangu hachezi. Niliwaza, sasa hata harusi yangu itakuwa kubwa, itakuwa ya vijiji vyote.

Asubuhi iliyofuata nilipofika korongoni, mpenzi wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, hana doria. Nilimmiminia uji, hakuupokea.

"Kwani hujui?" akaniuliza.

"Nijue nini?"

"Watu wa gichiaro hawaoani."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake ule. Akaniambia tena, taratibu: tukishakula kiapo, msichana yeyote wa kwetu ni dada wa kijana yeyote wa kwao, na mtu haoi mtoto wa mama yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akasema wazee wao waliapa kwamba kijiji cha vibarua hakiwezi kula gichiaro na mtu, kila mtu alijua ni jambo lisilowezekana, na hata likija kuwezekana, yeye alihesabu kwamba tutakuwa tumeoana zamani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe nenda ukaongee na baba yako," akasema. "Ukikataa, mimi nitasimama na wewe. Wanifukuze wakitaka."

Nikamwaga uji wote kwenye majani. Sikwenda kazini siku hiyo.

Nilimkuta baba anafagia uwanja, jambo lingine ambalo sikuwahi kuliona. Nilimwambia. Nilitazama furaha ikimtoka usoni, na nitamtetea kwa hilo: iliondoka kweli. Alikaa chini kwenye vumbi, ufagio bado mkononi.

"Hawakuniambia," akasema.

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje kitu ambacho sikijui?"

Sasa mimi nina akili ya kutafuta mlango wa nyuma. Nikamwambia, basi tuoane kwanza, wiki hii hii, kiapo kije baadaye. Baba akashika njia kwenda kuuliza. Akarudi na jibu la mzee: mkwe na ndugu ni vitu viwili. Mkwe unamheshimu kwa mbali, ndugu unamkimbilia. Ndoa ikitangulia, kiapo juu yake kitageuka kutudhuru sote, mtachagua kimoja. Nikasema, basi nyumba yetu peke yake ibaki nje, wengine wale kiapo. Akaenda tena, baba wa watu, jua likimchoma kichwa. Mara hii aliporudi hakuniangalia. Mzee alikuwa amemuuliza, "Wewe ndiye uliyebisha mlangoni kwetu. Utaleta watu wako mpaka kizingitini halafu wewe usiingie?"

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo kesho kuna mkutano," baba akasema.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa mchinjaji. Baba aliwaeleza watu kila kitu, hakuficha. Kisha mwanamke mmoja, jirani yetu, ambaye ng'ombe wake wote walikuwa wamechukuliwa mwaka uliopita na akaanza kufua nguo za watu, akasema kwa upole, "Si haki tuamue sisi. Msichana aulizwe."

Wote wakageuka. Baba akaniuliza, mbele yao, "Mwanangu, unasemaje?"

Ninataka mnielewe hapo. Nilikuwa mtu wa kujibu wasupavaiza. Nilikuwa mtu wa kugombana na kondakta mpaka abiria waombe tushushwe wote wawili. Siku hiyo nilitazama uso wa yule jirani, mikono yake imebabuka kwa sabuni, hakuwa na ubaya wowote kwangu. Nilimtazama kaka yangu ameegemea fimbo. Wale watu walikuwa wamenipakata nikiwa mchanga. Ningesema nini? Hapana, endeleeni kuibiwa, mimi naolewa?

"Sawa," nikasema.

Neno moja. Wakapumua, nikasikia kabisa wanapumua. Mtu akapiga kigelegele kidogo kisha akakimeza. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mtu ambaye alikuwa amejiandaa kufukuzwa kwa ajili yangu, na sikumpa hata nafasi ya kufukuzwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Si kwamba ningeshinda. Ningeshindwa, lakini angejua kwamba nilipigana.

Siku ya kiapo walichinja mbuzi kwenye ukingo wa korongo. Ini lilichomwa likakatwa vipande vidogo, na kila mtu mzima wa upande mmoja alilishwa na mtu wa upande wa pili. Mchinjaji na mchungaji walikuwa wamezungumza na wazee mapema, wakakubaliana maneno ambayo kila mtu angeweza kuyasema kwa Mungu wake. Nilimwona mpenzi wangu mwisho wa mstari wao, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Bibi mmoja mzee alinitia kipande mdomoni kwa vidole vyake, akaniita mwanawe. Ini halikuwa na chumvi. Nilitafuna, nikameza, nikamtazama kijana akila lake kutoka mkononi mwa kaka yangu. Hakunitazama.

Nikisema kwamba udugu ule ulikuwa bure nitakuwa mwongo, na hapo ndipo ninapokosa pa kupeleka hasira yangu. Haikupita muda mrefu, Jumapili moja watu wako kanisani, wezi wakaja kwetu. Simu zikaanza kulia katikati ya wimbo. Tulipotoka nje, tuliona ng'ambo inateremka. Sijui niseme vipi. Kila njia ya korongo ilikuwa na watu, wengine na suti za ibada, tai zimepeperuka mabegani, wanakimbia kuja kwetu. Kwetu! Kabla ya jua kugeuka ng'ombe wote walikuwa wamerudishwa na hakuna aliyekufa. Yule jirani yetu alipiga magoti akalia hadharani.

Yule kijana wangu wa doria ndiye aliyemleta ng'ombe wetu wa maziwa mpaka uwanjani. "Baba, ng'ombe wako huyu," akasema. Angemwita baba hivyo hivyo kama angenioa. Kisha akanigeukia. "Dada, nisaidie maji ya kunywa."

Nikampa maji. Alikunywa amesimama, akarudisha kikombe, akaenda.

"Unaona sasa?" baba akaniambia, machozi yakimlenga. "Unaona?"

"Naona ng'ombe amerudi," nikasema, nikaingia ndani.

Sikuweza kukaa pale. Kila harusi, kila mazishi, kila mkutano wa doria, ningemkuta, na angeniita dada kwa heshima zote. Nilihamia Embu kwa shangazi, nikauza nguo kuukuu sokoni, mwishowe nikapata kibanda hiki Manyatta. Wanaume walikuja, sikatai. Mmoja alikuwa mtu mzuri kabisa. Nilimchosha na ukimya, mimi mwenye mdomo.

Baba alipougua nilirudi kumuuguza. Redio ilikuwa kando ya kitanda, imezimwa. Siku moja nilikuwa namnyoa ndevu, akashika mkono wangu wenye wembe.

"Ningekuuliza nyumbani," akasema. "Si mbele za watu."

Nilijua mara moja anazungumzia nini. "Ungeniuliza nyumbani ningesema hapana."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza nyumbani."

Nikamaliza kumnyoa. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote, nilimpaka tu mafuta mashavuni. Alikufa kabla ya mvua. Watu wa ng'ambo ndio waliochimba kaburi, kama ndugu wanavyofanya.

Baada ya hapo, miaka ikapita, na siku moja yule wa uji wa korongoni akaingia kibandani kwangu. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi. Alikaa kwenye benchi la ukutani, akaagiza chai, akasubiri wateja wapungue. Nitasema ukweli ijapokuwa ni wa aibu: nilifunga leso upya. Niliingia nyuma ya pazia nikajitazama kwenye sufuria.

"Nimekuja kukuomba kitu," akasema nilipokaa.

Ndugu wa gichiaro akiomba humnyimi, sote wawili tulijua. Nilikuwa tayari kukubali jambo lolote ambalo angetaja, hata lile.

"Omba," nikasema.

"Nimepata mke. Wa Gachoka. Mimi sina dada wa kuzaliwa, na huko kwao wanataka waje wanawake wa upande wangu wanaojua kusema nao. Wewe unaongea Kimbeere. Nataka twende na wewe."

Nje kulikuwa na pikipiki inakataa kuwaka, inapigwa teke na kupigwa teke. Nilingoja mpaka iwake.

"Lini?" nikauliza.

Akaniambia siku. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama ni ngumu, sijakuomba."

"Umeshaomba," nikamwambia. "Kunywa chai."

Tulikwenda Gachoka, jua la huko lile la kukausha mate. Tulibeba vyondo vya unga na ndengu na sukari, na mimi nilitembea mbele ya wanawake. Na niliongea. Wakati mama za msichana walipotufungia mlango wakidai hawajui tunatafuta nini, niliwarudishia kwa Kimbeere cha baba yangu mpaka wakashika mbavu kwa kicheko. Walituuliza maswali ya kutupima, nikajibu yote. Bibi wa nyumba alisema ukoo wenye dada kama huyu hauwezi kuwa na kijana mbaya. Wazee wetu walinitazama kwa fahari. Yeye alitazama chini.

Wakati wanaume wakizungumza yao, niliingia jikoni kusaidia kupakua. Bibi harusi alikuwa humo, amekaa kwenye kigoda, anapanga sahani. Msichana mzuri, mtulivu, macho ya kusikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na sikupata mahali pa kuanzia.

"Dada," akaniita, akiangalia mlango kwanza. "Wewe umemjua muda mrefu. Mimi bado naonyeshwa tabia za wageni tu. Niambie, ni mtu wa namna gani?"

Nikapakua nyama kwenye sinia. Nikamwambia kwamba akiwa na njaa hasemi, ananyamaza tu, asidhani amekosewa, ampe chakula kwanza ndipo amuulize. Kwamba akiogopa anaanza kutengeneza vitu vizima, atamkuta anafungua tochi isiyo na kasoro, amwache amalize. Kwamba akisema si kitu, ni kitu. Kwamba anapenda kulala upande wa mlango, kwa sababu ya doria, asimwambie abadilishe. Kwamba hawezi kuomba msamaha kwa mdomo, lakini asubuhi yake atakuta maji yameshachotwa. Kwamba mtu akimtania anang'aa uso mzima, kwa hiyo asiwe mpole sana kila siku, amtanie.

Alisikiliza yote mkono umesimama juu ya sahani. Kisha akacheka kidogo kwa mshangao.

"Haki! Mimi nina kaka wengi, hakuna ninayemjua hivyo," akasema. "Wewe kaka zako wote unawajua namna hii?"

"Huyu tu," nikasema, nikambebea sinia.